Begi la Kaka Mkubwa

Hebu kiwazieni chumba kidogo chenye dirisha moja, na mlima umelijaza dirisha hilo mpaka mbingu haionekani. Mezani pametandazwa ramani. Ukutani inaning'inia mizani. Ni mchana, jua linawaka. Hapo ndipo mjomba wangu alipofanyia kazi ya kuongoza wapanda mlima katika hifadhi ya taifa.

Siku hiyo ndugu wawili walikuja kupanga safari. Mwaka uliotangulia, ndugu yao wa katikati alibaki huko juu. Mkubwa, aliyekuwa naye, alisema alimwacha akiwa amekwisha kufa. Mdogo hakuamini.

"Tutapita hapa," mdogo alisema, kidole kwenye ramani. "Na utanionyesha ulipomwacha."

"Unaniita muuaji?"

"Nionyeshe kaburi, nitakuomba radhi."

"Jamani," mjomba akaingilia, "tupime mizigo kwanza. Hizo hasira wapagazi hawazibebi."

Begi la mdogo lilikuwa jepesi. La mkubwa likaivuta mizani hadi mwisho.

"Bwana, umepakia mawe?"

Wakalimwaga. Sweta. Blanketi. Tochi. Wakalitundika tupu.

Mizani ikashuka tena hadi mwisho.

"Mizani yako mbovu, mzee!" Mkubwa akalinyakua begi, akalivaa mgongoni. "Mnaona? Halina kitu!"

Kisha uzito ukaanza kumkunja mgongo. Nyuma ya sikio lake, mtu alinong'ona. Wote watatu walisikia.

"Kaka. Bado napumua. Usiniache."

"Ukungu ulikuwa unashuka!" mkubwa akalia. "Nilijua utakufa tu!"

Miguu yake ikaanza kwenda. Yeye hakutaka. Alishika meza, meza ikaburutika. Alishika mlango, kucha zikakwaruza mbao. Alikuwa anapelekwa mlimani.

Mdogo, aliyekuwa akimchukia dakika ile ile, akajitupa chini akamkumbatia miguu. Mjomba akachomoa kisu, akakata mikanda.

Begi likaanguka sakafuni. Halikutoa sauti yoyote.

Safari ikafia pale. Mkubwa yu hai mpaka leo, ila mabegani ana alama za vidole, za kibuluu. Ukizigusa, ni baridi kama barafu. Madaktari wameshindwa kuzieleza. Kila mwaka zinasogea kidogo.

Zinaelekea shingoni.

Sitaki muogope milima, wanangu. Nawaomba tu mkumbuke jambo moja: mwenzenu akichoka njiani, kaeni naye.