Kete ya Kijani Mlangoni

Jua lilikuwa linazama Hanadi alipopanda juu kuanua nguo. Hiyo ndiyo sababu aliyompa mama mkwe wake, na nguo kweli zilikuwepo: kanga, shuka, na vinguo vya mtoto ambaye hata hajazaliwa, vimefuliwa mapema kwa sababu Bi Sheha haamini kitu cha dukani mpaka kipite kwenye maji yake mwenyewe. Lakini tusidanganyane. Hanadi alipanda kutafuta mtandao.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zina kuta nene kupita kiasi. Chini sebuleni simu ilikuwa pambo tu. Juu kabisa ya ngazi, penye kidirisha kinachotazama uani, ndipo vilipopatikana vijiti viwili, na ukiinamisha simu kidogo, vitatu. Hapo Hanadi alikuwa amejiwekea kigoda na mto wa kuegemea.

Msimlaumu. Alikuwa edani. Mumewe, Shihab, alifariki kwenye ajali ya Fuso karibu na Lugoba, akitoka Dar kupeleka vitambaa Tanga, akamwachia mimba. Mjane mwenye mimba hatoki eda mpaka ajifungue. Hakuna kwenda sokoni, hakuna harusi, hakuna kuzungumza na mwanamume asiye maharimu. Alichobakiwa nacho ni Bi Sheha na tamthilia zake za Kituruki, yule mtoto tumboni, na ludo.

Ludo aliikuta kwenye simu ya marehemu. Simu yake mwenyewe ilikuwa imepasuka kioo, na hii ya Shihab ilirudishwa kutoka kwenye ajali haina hata mkwaruzo. Kila jioni alicheza na wifi yake, Ghalia, aliyeolewa Dar, na binamu yake Raya, anayefundisha shule huko Miono. Watatu hao walisikizana kwenye hedifoni, na kusema kweli walisengenya zaidi kuliko kucheza. Kiti cha nne, cha kete za kijani, walikiachia kompyuta, isije ikaingia sauti ya mwanamume asiyejulikana masikioni mwa mjane.

Na walikuwa na utani wao wa nyumbani, aliouanzisha Shihab tangu enzi za kucheza kwenye ubao wa mbao hapo sebuleni. Kete yako ya mwisho ikifika mlangoni, imebakiza moja tu kuingia nyumbani, hutupi dadu mpaka upige hodi na mwenzako akukaribishe. Shihab alikuwa akipiga hodi kwa madaha, huku amejishika kifua kama bwana harusi. Rangi yake ilikuwa kijani.

"Mwanangu, Magharibi hiyo!" Bi Sheha alipaza sauti kutoka chini. "Mwenye mimba hakai dirishani saa hizi!"

"Nakuja mama, nakunja nguo."

Hapakuwa na nguo iliyokuwa inakunjwa.

Mtandao ulikuwa unasuasua. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, na sauti ya Raya ikakatika katikati ya habari za mwalimu mkuu na mke wake wa pili. Mchezo uliporudi, Hanadi akakunja uso. Kete tatu za kijani zilikuwa zimeshaingia nyumbani. Hakuziona zikitembea. Ya nne ilikuwa mlangoni.

"Jamani, kijani kafika lini pale?"

Hakujibiwa. Hedifoni zilikuwa kimya, kile kimya cha mtu kuziba simu kwa kiganja.

Halafu... pumzi.

Polepole. Mtu anavuta, anatoa.

"Hodi."

Sauti ya mwanamume. Nzito, kavu, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa maji. Haikuwa sauti ya Shihab, na hilo ndilo lililomwogopesha Hanadi, maana ingekuwa ya Shihab pengine angelia tu. Akatazama kioo. Dadu la kijani halikutupwa. Muda wake ukaisha, zamu ikapita, kete za Ghalia na Raya zikasogea kama kawaida, na zamu ya kijani ikarudi.

"Hodi wenyewe."

Safari hii kwa adabu zaidi. Karibu zaidi.

Hanadi alitaka kuzima simu. Kidole kilimganda. Huko nje muadhini alikuwa bado hajaadhini, na mwanga wa dirishani ulikuwa umebadilika rangi kama chai iliyopoa. Zamu ikapita tena. Ikarudi.

"Hodi, mama Nawaf."

Hilo jina! Nawaf ndilo jina alilolichagua Shihab, kwa kunong'ona, kitandani, usiku wa kuamkia safari yake. Hanadi hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Bi Sheha.

Na sheria ya nyumba hiyo aliijua vizuri. Hodi ya Magharibi haijibiwi karibu. Inajibiwa "Nani?" mpaka mgeni ajitaje, yeye na watu wa kwao. Bi Sheha alimfundisha hilo siku ya kwanza tu alipoingia bi harusi. Lakini lile jina lilikuwa limemchota akili, utani wa Shihab ulikuwa ulimini, na mtoto wa watu aliyelelewa vizuri haachi hodi ikaning'inia.

"Karibu," alisema Hanadi. "Pita."

Dadu likazunguka.

Moja.

Kete ya kijani ikaingia nyumbani. Kioo kikajaa nyota na muziki wa ushindi, kisha simu ikazima, tii.

Chini, mlango mkubwa wa barabarani ukalia.

Ule mlango una komeo la chuma, na Bi Sheha hulifunga baada ya Alasiri kila siku ya Mungu. Ukalia tena, ukajirudisha. Hanadi akasikia nyayo kwenye ngazi, za miguu mitupu iliyolowa. Chap... Chap... Chap... Alijiambia ni Bi Sheha anakuja kumfokea. Lakini Bi Sheha alikuwa sebuleni, anaicheka tamthilia yake, na kicheko chake kilisikika wazi.

Ndipo harufu ikafika. Karafuu maiti.

Hanadi aliijua. Ilikuwa imebaki kwenye nyumba hii siku kadhaa baada ya Shihab kuoshwa na kuvikwa sanda. Akaziba pua. Mtoto tumboni akapiga teke, akapiga la pili, akajikunja upande mmoja kama anayetafuta pa kujificha. Nyayo zikapanda mpaka ngazi iliyo chini ya kigoda, zikasimama. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama ya maji tu kwenye sakafu, na hewa iliyokuwa nzito mahali pamoja.

"Ahsante," ilinong'ona sauti, bila hedifoni.

Baridi ikamwingia kitovuni.

Mtoto akatulia.

Hapo ndipo Hanadi alipopiga ukelele ambao majirani waliusikia mpaka upande wa pili wa barabara.

Bi Sheha alipanda ngazi zile mbiombio, magoti yake mabovu na yote, akamkuta mkwewe ameshika tumbo, anarudia neno moja: hachezi, mama, hachezi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumfokea. Hilo lilimtisha Hanadi kuliko matusi.

"Ulimuuliza ni nani?"

"Sikumuuliza."

"Ukamkaribisha."

"Nikamkaribisha, mama."

Bi Sheha akakaa kwenye ngazi, akafunika uso kwa ukaya wake wa kichwani. Kisha akainuka, akawasha chetezo cha ubani, akazunguka nyumba nzima akisoma Yasini kwa sauti ya kukwama kwama. Simu aliifungia kwenye kasha la mvule. Asubuhi yake walikwenda hospitali, maana eda haimzuii mgonjwa, na nesi akaweka kipimo tumboni. Moyo ulikuwa unapiga. Mtoto mzima, alisema, hana shida yoyote. Hanadi alilia mpaka nesi akamletea kiti.

Alimpigia Ghalia kwa simu ya Bi Sheha.

"Wifi, yule wa kijani mlimsikia?"

"Kijani si kompyuta? Sisi tulikusikia wewe tu. Ukasema karibu, pita, tukajua mmepata mgeni. Kwani alikuja nani?"

Jibu la swali hilo, au nusu yake, lililetwa na dereva wa lile Fuso. Mrisho alikuwa amelazwa muda mrefu, na alipoweza kutembea kwa gongo alikuja kutoa rambirambi. Hanadi alimsikiliza akiwa nyuma ya pazia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Poleni na nyie."

Mrisho alikunywa maji, akayamaliza, akaomba mengine. Ndipo akasema kile kilichomleta.

"Marehemu alikuwa anacheza ludo kwenye simu, mama. Njia nzima. Kuna mtu asiyemjua alikuwa anacheza naye kila siku. Alisema huyo mtu anapenda kumwuliza habari za nyumbani. Mkeo mzima? Mnatarajia lini? Na yeye anamjibu, si unajua alivyokuwa hana baya na mtu."

"Ehe."

"Tulipopita Lugoba, giza linaingia, akatoa hedifoni moja sikioni. Akaniambia, Mrisho, punguza mwendo, kuna mtu anapiga hodi. Nikamwambia, hodi ya wapi, tuko barabarani! Akacheka. Akasema..." Mrisho alishusha pumzi. "Akasema, karibu. Kisha kule ndani ya gari pakanuka, mama. Pakanuka maiti, na maiti hatukuwa naye bado."

Nyuma ya pazia, Hanadi alishika tumbo lake kwa mikono yote miwili. Mtoto alikuwa anacheza, taratibu, kwa mpango, kama mtu anayepima chumba kipya.

Mtoto wa kiume alizaliwa salama, na eda ikaisha siku hiyohiyo. Nyumba ikajaa watu. Ghalia alikuja na ndoo ya uji wa pilipili manga, Raya akaja na kuku wawili kutoka Miono, na hata Bi Sheha akapiga vigelegele. Siku ya saba walimwita Nawaf. Hanadi alisita kulitaja jina, lakini ndilo alilolitaka baba wa mtoto, na hakuwa tayari kuporwa hilo nalo.

Alikuwa mtoto mzuri. Mtulivu mno, walisema wageni, una bahati. Halii. Saa za Magharibi huamka, akatazama mlango, akatabasamu. Hanadi alimpenda mpaka akaona vibaya kuogopa, na siku baada ya siku akaanza kujisadikisha kwamba yale yote yalikuwa uchovu na majonzi.

Arobaini ya uzazi ilipopita, alasiri moja, jua likiwa bado kali uani, alikuwa anatoka kuoga kwa ndoo yake ya maji ya majani. Bi Sheha alikuwa chini, runinga inaongea Kituruki cha kutafsiriwa. Hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, mtoto amemwacha kitandani kati ya mito. Hanadi alijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na wepesi huo ukamrudishia utani. Akajishika kifua kwa madaha, akagonga mlango kwa kidole.

"Hodi, baba?"

"Karibu."

Sauti nzito. Kavu. Ilitoka kitandani.

Maji yalikuwa yanamchuruzika mgongoni. Chini, Bi Sheha alicheka na tamthilia yake. Hanadi alijua angeweza kukimbia, ngazi zilikuwa hatua chache tu nyuma yake, na mama mkwe wake, na barabara yenye watu na jua. Harufu ya karafuu maiti ikatoka chini ya mlango, nyepesi, ya kirafiki.

Lakini mwanawe alikuwa mle ndani.

Akavua ndara zake kizingitini, kama wafanyavyo wageni, akaingia.