Helmeti ya Baba Rustika

Kila Jumamosi nilikuwa naamka mapema, nafagia uwanja, kisha napanda ngazi na kitambaa kibichi kufuta vumbi kwenye paneli za sola. Vumbi la Ipole halina likizo, jamani! Paneli zikichafuka, bajaji za umeme zinachelewa kujaa, na wenyewe wanaanza kunung'unika.

Kituo cha kuchajia kilikuwa cha Shangazi Koleta. Kilikuwa na soketi mbili tu, na jua likishuka, hakuna chaji mpaka kesho. Ubaoni shangazi aliandika bei moja kwa wote. Kwa kuwa bajaji moja huchukua saa mbili au zaidi, madereva huziacha hapo, wakapanga helmeti zao kwenye benchi kama tunavyopanga ndoo kisimani, kisha wakaenda zao. Helmeti inasogea badala ya mwenyewe. Hakuna anayegusa ya mwenzake.

Jumamosi hiyo shangazi alikwenda Sikonge kununua nyaya.

"Advera, nakuachia kituo," aliniambia. "Wewe fuata foleni tu."

Saa mbili asubuhi soketi zote zilikuwa na bajaji. Wa tatu kufika alikuwa Gervasi, baba yake Rustika, ninayekaa naye dawati moja.

"Shikamoo, Baba Rustika."

"Marahaba, mwanangu. Rustika hakulala vizuri. Nataka bajaji iwe na chaji, akizidiwa nimkimbize hospitali Sikonge. Nitarudi saa sita." Akaweka helmeti yake nyekundu kwenye benchi, akaondoka kwa miguu.

Saa nne soketi moja ikawa wazi. Nikawa naivuta bajaji ya Gervasi, mara akaingia Deus, muuza asali, bajaji yake imejaa ndoo.

"Mteja wangu hangoji, Advera. Nichomeke mimi kwanza." Akatoa noti ya elfu tano. "Hii ni yako, mbali na bei ya umeme."

Darasa letu lilikuwa linakwenda Kwihara kuona nyumba ya kale ya enzi za misafara, na mimi sikuwa na mchango. Nikajiambia, kutolala vizuri si kuumwa. Nikaisogeza helmeti nyekundu nyuma. Soketi ya pili ilipokuwa wazi, dereva mwingine aliyekuwa ameona yote akaninyooshea noti yake. Nikaisogeza tena. Mara ya pili sikufikiri hata kidogo.

Saa sita Gervasi alikuja mbio, shati limelowa jasho.

"Imejaa? Ugonjwa wake wa selimundu umembana Rustika! Magoti, kifua, analia tu. Kwenye pikipiki hawezi kukaa." Kisha akaiona helmeti yake mwisho wa benchi. "Advera, mbona iko huku?"

"Soketi zilikorofisha," nikasema. Uongo ulitoka wenyewe.

Hakunigombeza. Alikaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Mtu mzima, baba wa rafiki yangu!

"Nimesema uongo," nikapaza sauti, kila mtu akageuka. "Soketi ni nzima. Ni mimi niliyeisogeza. Nilipewa pesa."

Deus alikuwa anachomoa waya, bajaji yake imejaa chaji. Nilimnyooshea elfu tano yake.

"Wewe mtoto! Mbona hukuniambia mwenye zamu ana mgonjwa?"

"Niliogopa ungeghairi," nikajibu, na kila neno lilikuwa kweli.

Alinitazama, akaitazama noti, akaona aibu naye. Akaanza kushusha ndoo za asali chini, moja baada ya nyingine. "Gervasi, panda. Tumfuate mtoto."

Jioni tulipata habari kwamba Rustika ametundikiwa dripu na maumivu yanapungua. Shangazi aliporudi nilimweleza yote. Hakunipiga. Yule dereva wa pili nilimrudishia noti yake mbele ya wenzake. Kwihara sikwenda.

Jumamosi iliyofuata Gervasi alikuja tena. Rustika alikuwa amerudi nyumbani. Lakini safari hii hakuiweka helmeti kwenye benchi. Aliishika mkononi, akasimama juani kando ya bajaji yake wakati wenzake wanakunywa chai.

"Unamwona?" shangazi aliniuliza taratibu. "Umeme Deus aliulipia kama wengine. Ile elfu tano ilikuwa ya zamu ya Gervasi, na Gervasi hakuwepo kukataa. Niliandika bei moja ili mwenye shida apate chaji hata kama hana cha kuongeza. Tukianza kumtanguliza anayeongeza, mnyonge atakaa hapa mpaka jua lizame. Kazi yako ilikuwa kumlinda asiyekuwepo."

Nilimwendea.

"Shikamoo. Baba Rustika, nisamehe. Nilijua Rustika anaweza kuzidiwa, na bado niliisogeza."

"Marahaba." Jua lilikuwa kali. Akaigeuzageuza ile helmeti nyekundu, kisha akaenda kuiweka kwenye benchi, mahali pake.

"Nakwenda kunywa chai," akasema. "Iangalie."

Sikuiondolea macho mpaka aliporudi.