Matairi Kutoka Nyumba ya Marieta

Jioni ile walitoka kutafuta matairi, basi. Hilda na kaka yake Gerald, Desemba, mwaka wa pili tangu Manyara iwe mkoa, gari likiserereka kwenye matope ya Tumati kama ng'ombe anayevutwa asikotaka.

Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, milango miwili, limetengenezwa kwa ajili ya lami ya Wajapani. Gerald alilinunua Arusha siku moja na rafiki yake Lukasi: jekundu lake, jeupe la Lukasi, mapacha. Soko huria hilo! Mkulima wa vitunguu saumu anauziwa gari la kukimbia, barabara ya kukimbilia atajijua mwenyewe. Kila Jumamosi Gerald alijaza magunia kiti cha nyuma, akauteremka mteremko wa Dareda kwenda kuuza Babati.

Lukasi naye aliuteremka. Hakufika chini.

Sasa matairi ya Gerald yalikuwa kipara, mvua hazikatiki, na kesho ni Jumamosi.

"Ukikutana na maji kwenye kona ya juu na vipara hivyo, tutakuzika," Hilda alimwambia.

"Ndiyo maana nimekuja na wewe. Wewe chagua."

Fundi Gervasi alikuwa anafunga kibanda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanasheria. Chuo kimekurudisha salama?"

Akawatolea matairi mapya, membamba, meusi ti. Hilda akachuchumaa, akabonyeza mpira kwa ukucha. Hakuwa mtu wa kuambiwa. Alisoma kwanza, ndipo akabishana, na chuoni walimwogopa kwa hilo.

"Magumu kama kwato. Haya yatateleza. Gari hili linataka tairi pana, laini, lenye kashata za mishale zilizochongwa kwenye mpira, za kutupa maji pembeni."

"Hayo huyapati kuanzia hapa mpaka Katesh."

"Yapo," alisema Gerald polepole. "Kwa Marieta. Gari la Lukasi limesagika, lakini matairi hayana hata mkwaruzo."

Gervasi aliweka spana chini.

"Nyumba ile iko metimani, imetengwa, Gerald. Mume kafa vibaya. Mpaka isafishwe, mtu wake hatoki, kitu chake hakitoki. Hata kaa la moto hatuombi pale. Zimebaki wiki tatu. Subiri."

"Wiki tatu atembee na vipara?" Hilda akasimama. Damu ilishampanda. "Mzee wangu, mpira na waya vinajuaje kwamba mwenyewe amekufa? Mwanamke amefiwa, na nyie mnamfungia kama mbuzi mwenye ugonjwa! Hebu nijibu moja tu. Hayo madhara umeyaona kwa macho yako, au umesimuliwa?"

Fundi alikuna kidevu. "Nimesimuliwa."

"Basi."

Gerald alimtazama dada yake. "Kwa hiyo?"

"Tukayachukue."

*

Nyumba ilikuwa nyuma ya ua wa minyaa. Gari jeupe limewekwa juu ya mawe, limebonyea kama kopo lililokanyagwa. Mvua ya miezi imelinyeshea. Na bado...

Harufu ya breki zilizoungua.

Mbichi.

Marieta alisimama mlangoni, kanga kichwani. "Msivuke hapo," alinong'ona.

"Shikamoo, dada," alisema Hilda. Akavuka. Akaenda moja kwa moja, akamshika mkono, kwa kusudi, ili kaka yake aone kwamba mtu ni mtu. Mkono ule ulikuwa baridi. Marieta akaanza kulia bila sauti, na Hilda akadhani ni shukrani.

"Tunaomba matairi, dada. Kaka anateremka kesho."

"Wiki tatu. Nawaomba. Tatu tu."

"Kesho, dada."

Giza lilikuwa linaingia. Kisha Marieta akainua kidole.

"Mnasikia?"

Shhh... shhh... shhh...

Kama tairi juu ya barabara yenye maji. Mbali. Halafu si mbali.

Hilda aligeuka. Magurudumu yote manne yametulia. Akaweka kiganja juu ya moja.

Lilikuwa la moto.

"Hajafika chini," Marieta alinong'ona. "Kila jioni anateremka. Hajafika."

"Ni upepo, dada."

Marieta aliutazama ule mkono wake ulioshikwa, muda mrefu, kama mtu anayepiga hesabu moyoni.

"Chukueni," alisema. "Nimechoka."

*

Waliyafunga usiku huohuo nyumbani kwao, kwa jeki na mwanga wa koroboi. Alfajiri Gerald alipakia vitunguu saumu, akalijaribu gari. Matairi yaliuma tope kama misumari.

"Umeshinda, mdogo wangu," alicheka, akaondoka.

Hilda alibaki akitazama alama barabarani. Tairi la aina ile lina upande mmoja tu wa kuzunguka. Kashata zake huacha mishale, na mishale huonyesha gari linaelekea wapi.

Mishale ilielekea nyumbani.

Yote. Gari limetoka, alama zinasema limeingia.

Akajiambia: gizani tuliyakosea, la kushoto tukalifunga kulia. Yakigeuzwa hivyo hayatupi maji, yanayakusanya. Ndipo akaanza kukimbia, akiita, kandambili zikibaki kwenye tope. Gari lilishapinda. Ulibaki mlio tu.

Shhh... shhh...

Walimkuta adhuhuri, chini ya kona ya juu. Wajomba wakaleta mwili, kisha mabaki ya gari, wakayaweka uani juu ya mawe. Gari limesagika.

Matairi hayakuwa na hata mkwaruzo.

*

Nyumba yao ikaingia metimani. Hilda, ambaye angeweza kubishana na baraza zima la wazee, hakubisha. Chuo kilifunguliwa, hakwenda. Mama yake alimwekea chakula bila kumtazama. Marieta alisafishwa, akapita barabarani na gauni jipya, uso kaupeleka upande wa pili.

Na kila jioni ulikuja ule mlio. Na harufu ya breki, safari hii imechanganyika na vitunguu saumu.

Aliziba masikio. Haukuwa mlio wa masikioni.

Walikosea gizani? Au walikosea pale alipovuka ua? Alijitetea, akajishtaki, akajihukumu, na kesi haikwisha.

Masika yalipokolea alikuja kijana wa Hirbadaw, Renatus, amepaki gari dogo nje ya ua wao wa minyaa. Mchangamfu. Anajua kusema.

"Naambiwa kuna matairi hapa, dada. Mke wangu karibu anajifungua, kesho nampeleka Haydom, na barabara unaijua. Haya yangu si matairi, ni sabuni."

"Usivuke hapo," alisema Hilda.

Alivuka.

"Kaka, ngoja nyumba isafishwe. Nakuomba. Kuna kitu kinazunguka hapa."

Renatus alitabasamu kwa upole, jinsi mtu anavyomtabasamia mjinga ili asimuumize. "Dada, umekiona kwa macho yako, au umesimuliwa?"

Maneno yote Hilda aliyowahi kuwashinda watu nayo yalikuwa wapi?

Nyuma yake... shhh...

"Nimesikia tu," alisema.

"Basi." Akamnyooshea mkono.

Mkono mzuri, wenye joto. Hakuna aliyemnyooshea mkono tangu Desemba. Hilda aliutazama. Akamfikiria mwanamke asiyemjua, amelala kiti cha nyuma, ameshika tumbo.

Akaushika.

"Chukua," alisema. "Nimechoka."

Lakini hakumwacha akosee. Mchana kweupe, jua limetoka, alisimama pale akamwelekeza moja baada ya jingine: la kushoto kushoto, la kulia kulia, mshale mbele. Walikagua mara mbili. Renatus akamshukuru, akaondoka.

Jioni ile hakukuwa na mlio. Hilda alilala, usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo.

Asubuhi alitoka kuyatazama matope.

Mishale yote ilielekea mlangoni kwake.