Mikono Miwili ya Kushoto

Kila siku akitoka shule, binti wa fundi cherehani alikuwa na kazi mbili dukani kwa baba yake. Ya kwanza ilikuwa kushona vifungo, na ndiyo iliyofanya wateja wamwite Kifungo. Aliipenda, kwa sababu kifungo alichokishona yeye hakikung'oka mpaka shati lenyewe lichanike. Kazi ya pili ilikuwa kudanganya. Hiyo aliichukia mno.

Mteja akija kuulizia nguo yake, Kifungo alitakiwa kusema kwamba mashine imeharibika. Nyuma ya pazia, pale pa kujaribia nguo, baba alikuwa ameinamia simu, anabeti, yaani anacheza kamari. Mashine ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, na Kifungo aliona haya kuisingizia. Baba alikuwa ameahidi mara nyingi kuacha, tena kwa dhati, na kila mara jioni hiyohiyo pazia lilifungwa tena.

Siku moja mwalimu wa muziki wa shule yao alileta kitambaa cha kijani ashonewe koti la mashindano ya kwaya. Baba alikata huku jicho moja liko kwenye simu, akasahau kugeuza kitambaa. Mkono wa kwanza wa koti ulikaa sawasawa. Wa pili ulipinda kwenda nyuma, kana kwamba mwenye koti anataka kujikuna mgongo. Alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto, kosa la mtu aliyeanza kujifunza jana, na kitambaa kilichobaki hakikutosha hata kola.

Mwalimu alipofika kulichukua, baba alimkonyeza bintiye aseme yale ya kila siku, kisha akajificha nyuma ya pazia. Lakini Kifungo alikuwa amechoka kudanganya, na uchovu ule uligeuka hasira.

"Mashine ni nzima, Mwalimu," alisema. "Anayeumwa ni baba."

Baba alitoka amefura, akauliza nani amemtuma kuanika mambo ya nyumbani. Kifungo hakurudi nyuma hata hatua moja. Alilitwaa koti na kulinyoosha mbele yake.

"Nigombeze, Baba, lakini mimi sidanganyi tena. Kama huumwi, niambie huu ni mkono wa nani."

Baba aliutazama ule mkono, akaketi, akafunika uso, akasema kwa sauti ndogo kwamba kila siku anajaribu kuacha kubeti na anashindwa. Mwalimu hakulitaja koti tena. Alisema hospitali ina kliniki ya watu wenye shida hiyo, na kesho yake akawasindikiza.

Mshauri wa kliniki, mama mmoja mwenye miwani, alieleza kwamba kamari ikimkamata mtu huwa ugonjwa. Ubongo huzoea ule msisimko na kuudai, na kumwambia mtu aache tu hakumsaidii. Baba alipangiwa mazungumzo kila Alhamisi, ajifunze kutambua saa ambazo hamu humjia na la kufanya ikija. Daktari alimpima, akamwandikia pia vidonge vya kupunguza hamu, akisema si kila mgonjwa huvihitaji.

"Vidonge vinapunguza kelele kichwani," mshauri alisema, "ili utusikie tukizungumza."

Baba alianza vizuri. Kisha shangazi, dada yake mkubwa, akapata habari. Alikuja dukani kila siku kusema kwamba mdogo wake ajikaze tu, hizo ni dawa za wendawazimu, mtaa mzima utawacheka. Wiki ya tatu Kifungo alikuta vidonge vya siku nne vimefichwa kwenye kopo la vifungo, havijaguswa. Pazia lilikuwa limefungwa.

Alipanda juu ya stuli akaling'oa pazia pamoja na fimbo yake. Baba alikuwa pale, simu mkononi. Shangazi, aliyekuja kama kawaida, alikuwa ameketi karibu na mashine.

"Shangazi, unisamehe," Kifungo alisema, "lakini wewe humeza dawa za presha kila asubuhi mbele yetu. Nani amewahi kukucheka?"

Shangazi alisimama, akamshika mdogo wake mkono, akasema dawa ni dawa, wanakwenda kliniki leo hii. Huko baba alikiri siku zote nne. Mshauri hakumkaripia. Alisema wengi huteleza, na kazi ni kurudi.

Pazia halikurudishwa, na kwa miezi kadhaa wateja walijaribia nguo zao nyumbani. Baba alimshonea mwalimu koti jipya, la zamani akalitundika ukutani, mikono yake miwili ikielekea upande mmoja.

Asubuhi moja mteja wa siku nyingi alichungulia mlangoni, akacheka. "Fundi, hatimaye mashine yako imepona?"

Kifungo aliinua macho kutoka kwenye shati. Baba alisimamisha cherehani.

"Mashine haikuugua," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Niliugua mimi, kwa kamari. Natumia dawa, na Alhamisi nafunga duka naenda kwa mshauri. Anayetaka kucheka acheke."

Mteja hakucheka. Baba akamgeukia bintiye.

"Uongo wako ulikuwa unanificha, mwanangu, na nilizidi kuumwa mafichoni. Ukweli wako ndio ulionipeleka hospitali. Mtu wako akiugua, usimfiche. Mpeleke akatibiwe."

Kifungo aliitikia kwa kichwa, akakata uzi kwa meno, akachukua shati lingine.