Alama kwenye Fomu ya Mama

Kila asubuhi Kidoti aliamshwa na harufu ya nguo zilizopigwa pasi. Alipenda kukaa kitandani kidogo, akitazama mvuke ukipanda polepole hadi darini, mawazo yake yakipanda nao. Siku hizi alimwona mama ndani ya mvuke ule: amevaa gauni la buluu, anapita katikati ya vitanda vyeupe, watoto wagonjwa wanamtabasamia. Mama, aliyezoea kufulia watu nguo, alikuwa anaomba kazi ya uhudumu katika wodi ya watoto.

"Wewe mtoto, shuka huko mawinguni!" mama alicheka. "Njoo unijazie fomu. Mwandiko wangu ni nyayo za kuku."

Kidoti akajaza kwa mwandiko wake mzuri. Walipofika swali la kumi na moja, "Je, umewahi kuhukumiwa na mahakama?", mama alishusha pumzi.

"Weka alama kwenye ndiyo," alisema. "Nilikuwa msichana. Tuligombana kwenye foleni ya maji, nikampiga mwenzangu ndoo, jino likang'oka. Hakimu akaniamuru nifagie soko miezi mitatu."

Mara matone ya mvua yakaanza. Mama akakimbilia nje kuanua nguo. Kidoti akabaki na kalamu, gauni la buluu likififia machoni pake. Mkono wake ukasogea kama wa mtu aliye usingizini, ukaweka alama kwenye hapana.

Mama aliporudi alitia sahihi bila kupitia tena. Alimwamini mwanawe.

Baada ya wiki mbili mama aliitwa hospitalini. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo wakaenda wote. Ofisa wa ajira, mwanamke mwenye miwani, aliweka karatasi mbili mezani.

"Polisi wamechunguza alama zako za vidole," alisema. "Wao wanasema ulihukumiwa. Wewe unasema hapana. Nimwamini nani?"

Mama aliitazama ile alama. Hakugeuka kumwangalia Kidoti.

"Sahihi ni yangu," alisema taratibu. "Kosa ni langu."

Feni ilizunguka juu yao bila haraka. Kidoti akasimama.

"Si yeye, mheshimiwa! Ni mimi. Aliniambia niandike ndiyo. Niliogopa atakosa kazi."

Ofisa akavua miwani. "Kumbe! Mwanangu, polisi wameandika hapa kwamba hilo la ndoo lina miaka kumi na minne, adhabu ilimalizika, na tangu hapo hakuna jingine. Lisingemzuia. Alama yako ndiyo ilitaka kumponza."

Akatoa fomu mpya. Mama aliijaza mwenyewe, kwa nyayo zake za kuku, akaeleza kila kitu. Ofisa alisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Uripoti kazini Jumatatu."

Nje, kwenye korido ndefu yenye mwanga hafifu, Kidoti alishindwa kujizuia akalia. "Nisamehe, mama."

Mama akachuchumaa, akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Nimeshakusamehe. Ulitaka kunisitiri, najua. Lakini sikiliza, mwanangu: kosa langu nililikiri, nikalifagia miezi mitatu, likaisha. Uongo ungelianzisha upya. Mtu akikosea, aseme kweli na ajirekebishe. Hapo ndipo anapopata pa kuanzia."