Bushi Zilizokazwa Juu ya Jeki

Saa sita mchana duka la spea lilikuwa limefurika. Madereva wameegemea kaunta, mafundi wameinua vyuma vilivyochakaa ili wapewe vinavyofanana navyo, na kila mtu anajiona ndiye mwenye haraka. Seremala alipenya kwa kiwiko, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi, akajikuta uso kwa uso na muuza spea: blauzi ya njano, kalamu sikioni, macho makubwa yasiyotaka upuuzi.

"Naomba bushi za mikono ya magurudumu ya mbele," alisema. "Gari langu likipita kwenye tuta linagonga kama kabati bovu."

"Nani anakufungia?"

"Mimi mwenyewe, nyumbani. Mtu anayeunganisha kitanda bila msumari atashindwa na chuma chenye mpira?"

"Haya, bwana kitanda, nisikilize. Kwanza, zilaze kwenye friza zisinyae. Pili, zipake maji ya sabuni. Tatu, usikaze boliti gari likiwa juu ya jeki. Lishushe likanyage chini, ndipo ukaze."

La kwanza alilisikia, na la pili pia. La tatu lilimkuta anatazama vishimo vya mashavu ya yule binti, likapita zake. Ndio wanaume wetu hao.

Alizifunga kwa jasho jingi, gari likatulia, akapiga simu dukani kujisifu.

"Fundi wako anaongea."

"Nina mafundi arobaini. Wewe ni yupi?"

"Wa kitanda."

Binti akacheka mpaka wateja wakamtazama. Tangu siku hiyo kila alasiri seremala alikumbuka kitu: fyuzi, balbu, kopo la grisi. "Hivi una gari moja au msafara?" binti alimuuliza. Mwezi wa pili walikuwa wakiitana mpenzi na roho yangu, na mama yake seremala ameshaanza kusema mkwe bila kuulizwa na mtu.

Mwezi wa tatu kugonga kukarudi. Seremala hakuvua hata gurudumu kuangalia. Alikwenda moja kwa moja dukani, tena saa ile ya watu wengi.

"Mpenzi, mmeniuzia bushi feki!"

Duka zima likageuka. Mteja mmoja akairudisha kauntani bushi aliyokwisha kuichagua. Mjomba wa binti, mwenye duka, alitoka ofisini akamtazama mpwa wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akichagua mali, na watu walinunua kwa kuliamini neno lake.

"Umezifungua ukaziona?" binti aliuliza polepole.

"Ya nini? Si nasikia zinavyogonga?"

"Basi nenda."

Jioni seremala alimpigia. "Roho yangu, yale yalikuwa ya biashara tu, si yetu sisi."

"Miaka sita nimesimama pale, hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Umekuja kuniita wewe ninayekupenda. Usinipigie tena." Simu ikakatwa. Seremala akaacha chakula mezani.

Jumamosi asubuhi alilipandisha gari kwenye jeki, akafungua. Chuma kizima, mpira mzuri, ila umesokotwa kama nguo inayokamuliwa na kuchanika upande mmoja. Aliukodolea macho. Kumbe alikaza boliti gurudumu likining'inia, na gari liliposhuka mpira ukabaki umejinyonga miezi yote ile. Sasa ndipo maneno ya binti yalipomrudia, moja baada ya jingine. "Mama wee," alisema peke yake. "Kosa ni langu."

Alipiga simu mara nne, haikupokelewa. Akapiga moyo konde, akaenda dukani na bushi zilizochanika mkononi, akasimama katikati ya watu.

"Jamani, nisikilizeni. Niliyesema feki ni mimi, na bushi zilikuwa nzuri. Nilizikaza gari likiwa juu ya jeki, na huyu alinikataza. Nilikuwa namtazama, sikuwa namsikiliza. Mjomba, nisamehe. Na wewe, mpenzi, nisamehe zaidi."

"Hata mimi ningemtazama!" dereva mmoja alidakia, duka likaangua kicheko. Mjomba naye alicheka. Muuza spea hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akafunga seti nyingine kwenye gazeti.

"Zilaze kwenye friza. Kesho asubuhi nakuja. Usiguse kitu mpaka nifike."

Alifika na ovaroli ya bluu na kitambaa cha maua kichwani, akapokelewa na mama mtu jikoni.

"Mkwe wangu, nani kachanganya vyuma na samaki wangu?"

"Mwanao, mama."

"Mchukue basi. Mimi nimeshamlea vya kutosha."

Ile bushi ya kwanza ilikuwa na kichwa kigumu kuliko seremala. Waliibana kwenye jiliwa pamoja na mkono wa gari, ikaingia nusu, ikapinda, wakaitoa, wakapaka sabuni upya.

"Sukuma, mpenzi!"

"Si nasukuma!"

"Unaibembeleza."

Mara ya nne ikaingia, kop! Wakapiga kelele mpaka mama akatoka na mwiko mkononi. Nyingine nazo ziliwasumbua, lakini kidogo. Kisha wakalishusha gari likakanyaga mbao nene, seremala akalala chini yake na kukaza, binti amechuchumaa pembeni, anakagua kila boliti.

Saa tano walitoka kulijaribu. Tuta la kwanza likapita kimya. Seremala akafungua mdomo ajisifu, akaufunga.

"Fundi ni wewe," alisema. "Na mimi nitakosea tena, najijua. Nikikosea nitasema. Utakubali nikuoe hivyo hivyo?"

Binti akavua kitambaa kichwani, akakikunja mikononi.

"Ukikosea, uniambie mimi kwanza, nyumbani, kabla ya kuliambia duka zima."

"Wewe kwanza. Naapa."

"Basi nitaolewa na wewe. Sasa tazama mbele, kuna tuta jingine."