Pumzi Iliyotolewa Garini

Ukungu ulikuwa bado umeshikana na majani ya chai ya kijiji cha Kibugu, na Wambeti alikuwa akitoka kukamua ng'ombe, alipoliona gari la mumewe likiinuka lenyewe. Hakukuwa na mtu ndani. Funguo zilikuwa chumbani, mfukoni mwa suruali ya Nthiga, na Nthiga mwenyewe alikuwa bado anakoroma. Gari lilikuwa limelalia tumbo, na sasa lilijiinua polepole, nyuma kwanza kama ng'ombe, huku kitu kikivuta hewa chini yake. Likafika juu, likatulia kidogo, kisha likaitoa hewa kwa mlio mrefu, fsssss, likalala tena.

Mtu mwingine angeogopa. Wambeti alikasirika.

Alikasirika kwa sababu ya pale lilipokuwa limeegeshwa. Pale ndipo ilipokuwa michai aliyoipanda kwa mikono yake mwaka alioolewa, akiwa na mimba ya Mukami, akichimba shimo moja baada ya jingine na mgongo ukimuuma. Nthiga, karani wa ofisi moja mjini Embu, alikwenda Mombasa kwa harusi ya mwenzake wa kazini, akarudi na gari la mtumba, jeusi, refu kuliko jiko lao. Lango halikulitosha. Basi siku moja Wambeti akiwa mazishini, Nthiga aliita vijana wakang'oa michai yote ya upande wa barabara ili gari lipate njia na mahali pa kulala. Hakumwuliza mkewe. Wambeti aliporudi jioni alikuta mizizi iko juu, majani yameanza kunyauka.

Tangu siku hiyo alikuwa akingoja neno moja. Hakutaka zawadi wala maelezo. Alitaka mumewe aseme, nimekosa. Lakini Nthiga alikuwa mtu wa kufunga mdomo kila alipokuwa na makosa. Alikuwa akivuta pumzi, kifua kinajaa, unadhani sasa anasema, kisha anashusha mabega na kuuliza kama chai ipo. Wambeti alipopeleka shida yake kwa kina mama wa kanisa, walimwambia anyamaze. Mume ni mume, gari ni baraka, wangapi hawana. Ushauri huo wa kunyamaza sijui aliuanzisha nani, lakini hakika hakuwahi kupanda chai. Wambeti akaufuata. Akanyamaza, akauma meno, akaendelea kupika.

Gari lenyewe halikuwa na springi za chuma kama magari ya watu wengine. Lilibebwa na mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa na pampu iliyofichwa chini. Aliyeliuza alisema ni starehe ya matajiri, utapanda milima ukidhani umekalia godoro. Alisema pia kwamba hewa ile isitolewe yote, jambo ambalo Nthiga aliona ni maneno ya wauzaji, akalisahau njiani. Matope na mawe ya Kibugu yakaila mifuko. Kila asubuhi gari lilikutwa limelala, na majirani walianza kumwuliza Nthiga kwa upole kama linaumwa. Hilo ndilo lililomuuma yeye. Michai haikumuuma.

Akamwita Nyaga, binamu yake, fundi wa gereji mjini. Nyaga alifika Jumamosi asubuhi na springi za chuma ndani ya gunia, akasema kazi itafanyika papo hapo uani: unatoa mifuko, unaweka koili hizi za chuma, unachomoa fyuzi ya pampu, umemaliza. Akaliinua gari kwa jeki, akaweka magogo chini ya fremu asije akabanwa, akafungua magurudumu. Sharti hewa itolewe kwanza kabla mfuko haujafunguliwa, la sivyo unaweza kumrukia fundi usoni. Basi akalegeza bomba la mfuko wa kwanza.

Hewa ikatoka. Nyaga akangoja. Akanawa mikono, akala viazi alivyoletewa, akarudi, na hewa ilikuwa bado inatoka kwa nguvu ile ile. Ilikuwa ya moto, na ilinuka kinywa cha mtu aliyeshinda njaa. Kuku waliokuwa wakichakura karibu na gari walikwenda kusimama upande wa pili wa boma, wote wakitazama jikoni.

"Shemeji," Nyaga alimnong'oneza Wambeti, maana Nthiga alikuwa amekwenda dukani, "hii mfuko inaingia hewa kidogo tu, kama ya ndoo moja. Hii imetoka hapa inaweza kujaza nyumba."

"Na imeenda wapi?"

Nyaga aliutazama mlango wa jikoni uliokuwa wazi, akafuta mikono kwenye ovaroli, akarudi chini ya gari.

Alimaliza kabla ya giza. Nyaga hakukosea kitu, na hilo lazima lisemwe: springi zilikaa sawasawa, gari likasimama wima, gumu, na halikulala tena hata siku moja. Alipokuwa akiondoka alimwambia Nthiga aichome ile mifuko, au aitupe chooni, lakini isikae nyumbani. Nthiga akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani ya gari kusikiliza redio.

Lakini mpira hautupwi Kibugu. Mpira hukatwa mikanda ya kufungia nyasi za ng'ombe, ya kushikilia lango, ya kusuka vitanda. Na ule ulikuwa mzito, laini, wenye nyuzi ndani, mpira wa kudumu. Wambeti aliuokota akajiambia kwamba kama gari limekula chai yake, naye atakula kitu cha gari. Kitanda cha Mukami kilikuwa kimelegea katikati. Akakata mikanda kwa kisu cha jikoni, akakisuka kitanda upya, na kila mkanda aliuvuta kwa nguvu za maneno aliyokatazwa kuyasema. Akiwa anavuta alimsikia Nthiga akicheka na redio. Akavuta zaidi.

Mukami alikuwa mtoto wa darasa la tatu, mpole, mwenye kuuliza maswali mengi. Kulipokucha alimfuata mama yake jikoni, akasimama karibu naye kuliko kawaida.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kitanda kinanipandisha na kunishusha."

Wambeti akamwambia ni mikanda mipya, ataizoea. Akampa kazi yake ya kila siku, kupuliza moto. Mtoto akapiga magoti, akapuliza. Makaa yakashika. Akaendelea kupuliza. Makaa yakawa mekundu, kisha meupe, kisha majivu yakaanza kuruka, na Mukami alikuwa bado anapuliza pumzi ile ile moja, hajavuta nyingine, macho yamemtoka, mikono inaushika ukuta, majivu yamejaa jikoni hadi Wambeti haoni sufuria, na katikati ya majivu ile harufu, kinywa cha mtu aliyeshinda njaa, ikimjia usoni kutoka kinywani mwa mwanawe.

Akamnyakua akamtoa nje. Mtoto akaanguka kifuani pake akilia, akisema hakuweza kuacha.

Baada ya hapo pumzi iligeuka. Ilikuwa inaingia na kukataa kutoka. Mukami alikuwa akivuta, kifua kinapanda, vifungo vya shati la shule vinakatika, midomo inageuka rangi, na ndani yake kitu kinatulia kana kwamba kimepata kiti. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa ni pumu, wakapewa dawa ya kuvuta, na dawa ikaingia humo humo isitoke. Wambeti alikikatakata kile kitanda kwa panga, akaichoma mikanda nyuma ya zizi, na moshi wake haukupanda juu. Ulitambaa chini ya nyasi, ukapita katikati ya miguu yake ukiwa wa moto, ukaelekea mlangoni, na alipoukimbilia kuufunga mlango alimwona mtoto amekwisha kuketi kitandani pa wazazi wake, kinywa wazi, akiungoja moshi huo kama mtu anayengojea kulishwa, wala si yeye aliyekuwa akitazama kupitia macho yale.

Usiku huo hakulala. Alikaa akihesabu pumzi za mtoto, na kila moja ilikuja imechelewa kuliko iliyotangulia. Kando yake Nthiga alijaza kifua, akakishusha, akauliza kama kuna chai.

Kulikuwa na mganga, mwanamke mzee wa Kiambere, kule chini Mbeere, aliyekuwa amekuja Kibugu kumtembelea binti yake. Aliitwa Cicily. Watu wa kanisa walimwogopa, na waliomhitaji walimwendea kwa kupitia mashambani wasionekane. Wambeti alimwendea kwa njia kubwa, mchana, watu wakimwona. Alikuwa amechoka na watu.

Cicily hakuja na kibuyu wala ubani. Alikaa kwenye kigoda, akaweka sikio kwenye kifua cha Mukami kwa muda mrefu, kisha akauliza habari za kila kitu kilichoingia bomani. Nthiga, akiwa amesimama mlangoni na tai yake ya kazini, alisimulia habari ya mifuko na ya kitanda kilichosukwa kwa mpira wake, na hapo ndipo alipokumbuka onyo la muuzaji. Alilisema akitazama viatu vyake.

"Hii si ya huku kwetu," Cicily alisema. "Ni jini, na amezoea kubanwa mahali. Huko ndiko amelelewa. Nyinyi mmemfungulia, na hajui kukaa nje. Anatafuta mahali pengine pamebanwa. Hii nyumba kuna mtu amebana kitu."

Nthiga alisema kwamba wao ni watu wa amani, hawana ugomvi, hata majirani wanaweza kuulizwa.

"Hiyo amani nimeisikia kutoka langoni," mzee akamjibu. Kisha akamgeukia Wambeti, na sauti yake ikashuka. "Mama Mukami, ukisuka hicho kitanda ulikuwa na nini kifuani?"

Wambeti alitaka kusema hakuna kitu. Lilikuwa jibu lake la kila siku, limemzoea mdomoni. Alipolianza tu, kifua cha Mukami kilipanda, kikapanda tena, na mtoto akaushika mkono wa mama yake bila sauti.

"Usilimeze hilo la kifuani," Cicily alisema. "Utamwua. Mwambie mumeo, yuko pale mlangoni. Na yeye akujibu."

Ndipo hasira zake zilipotoka, na hazikutoka kwa mpangilio. Alimwambia Nthiga kwamba ile michai aliipanda akitapika kwa mimba, na yeye akiwa amelala. Kwamba Nthiga alichagua siku ya mazishi kwa sababu aliogopa macho ya mkewe. Kwamba kila yeye Wambeti alipopita pale ardhi ilikuwa inamwuliza kwa nini hakusema. Kwamba alichukia gari, alichukia kicheko chake na redio, alichukia kina mama wa kanisa na upole wao, na zaidi ya yote alijichukia yeye mwenyewe kwa kuwaitikia na kuisuka hasira hiyo chini ya mgongo wa mtoto wake wa pekee. Kwamba hakumsamehe, na hatamsamehe mpaka aombe. Na kwamba hicho kilichoko ndani ya Mukami, kiwe jini kiwe ibilisi, kisikie vizuri, mtoto huyu si mfuko wa mtu. Sauti yake ilifika barabarani. Watu walisimama. Hakujali hata kidogo.

Mukami akapumua.

Ilitoka yote, ndefu, ya moto, ikinuka, ikayasukuma mapazia. Mtoto akalegea mikononi mwa mama yake, akavuta pumzi nyingine, ndogo, yake mwenyewe, akaitoa, akavuta tena. Wambeti aliisikia hewa ile ikizunguka chumba, ikigusa magoti yake, ikijaribu kifua chake na kukikuta kitupu.

"Mjibu, baba," Cicily alimhimiza Nthiga. "Haraka. Usivute. Sema."

Lakini Nthiga alifanya alivyozoea. Alivuta pumzi kwanza. Kifua kikajaa, tai ikainuka, na mabega hayakushuka.

Walingoja. Uso wake ulibadilika. Machozi yakaanza kumtoka, na Wambeti aliona wazi, kwa mara ya kwanza tangu waoane, kwamba mumewe alitaka kusema. Midomo yake ilikwisha kulitengeneza lile neno. Akafungua kinywa, na kilichotoka ni hewa tupu, fsssss, isiyo na mwisho, huku macho yake yakimwomba mkewe aielewe.

Cicily aliinuka, akafunga leso yake. Alisema yeye aliitwa kwa ajili ya mtoto, na mtoto amepona. Huyu mwingine alifungua mwenyewe, na mlango huo hauna mganga anayeujua. Akatoka kwa njia kubwa.

Mukami alikuwa amelala, kifua chake kikipanda na kushuka taratibu. Wambeti alimfunika, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mumewe.

"Sema," alimwambia.

Nthiga akajaribu. Wambeti hakuondoka, kwa sababu neno lile lilikuwa lake na alikuwa amelingoja sana. Akaketi pale giza likiingia, akiutazama mdomo wa mumewe ukilitamka neno lake tena na tena, na hewa ikiendelea kutoka.